Mwalimu wa Ohio

Jumapili, 6 Januari 2013
Muhula umefunguliwa. Daftari hili nimelinunua katika duka la chini ya nyumba yetu hapa mtaa wa Najma, katika nchi hii ya Waarabu, kwa sababu kuna jambo siwezi kumwambia mtu, na likiendelea kukaa kifuani litaniozea humo humo. Acha niliandike mara moja, kisha nirudi kazini.

Mimi ni Loice Nasimiyu, mtu wa Kimilili, Kenya. Nilisomea ualimu wa Kiingereza na Historia nyumbani, nikafundisha sekondari miaka saba. Marekani sijafika. Hata viza yake sijawahi kuiomba. Lakini katika ukuta wa mapokezi ya shule yetu, chini ya picha yangu, pameandikwa kwamba nimehitimu katika chuo kikuu kimoja cha Ohio.

Ilianza hivi. Nilipokuja mwaka juzi, niliajiriwa kufundisha Kiingereza. Wiki ya pili mwalimu wa historia ya Marekani akaacha kazi, na Mkurugenzi, Bwana Nabil, akaniita ofisini.

"Wewe si umesoma historia?"

"Ya Afrika, na ya dunia."

"Basi Marekani nayo imo duniani," akasema, akacheka.

Siku chache baadaye nikaiona ile picha na yale maneno. Nilienda kulalamika. Akaniambia wazazi wanataka shule ya mtaala wa Kimarekani, na mtaala wa Kimarekani bila mtu wa kutoka huko ni kama hoteli isiyo na jiko. Ni tangazo tu, akasema. Hata baga ya kwenye tangazo huwa kubwa kuliko ile unayoletewa mezani. Nikacheka. Hilo ndilo kosa langu. Nilicheka, nikatoka.

Jumanne, 8 Januari
Baridi kali asubuhi. Wanafunzi wangu wa darasa la kumi na moja wamekuja na makoti: ishirini na wawili kutoka Pakistan, Sudan, Ufilipino, Syria, Korea, Misri. Bilal, Mpakistani asiyefunga mdomo, akauliza, "Miss, Ohio ni baridi kuliko hapa?" Nikajibu, "Sana." Yamo vitabuni, hayo. Si uongo hasa.

Ijumaa, 18 Januari
Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Nilienda kanisani Mesaimeer pamoja na Chebet, muuguzi ninayekaa naye chumba kimoja. Tuliporudi nikampigia dada yangu Nafula. Yeye ndiye anayemlea binti yangu Emily, mwenye miaka kumi. Nikamsikia akiita, "Emily, Mama yuko kwa simu!" Akaita tena. Halafu nikaisikia sauti ya mtoto wangu kwa mbali, wala haikuwa ya hasira: "Mwambie asipige. Mwambie aje."

Nafula akaniambia mtandao ni mbaya. Nikamwacha aamini kwamba nimeamini.

Chebet alikuwa anapiga pasi sare yake. Akasema, "Mama Emily, usilie. Watoto husahau." Nilitaka kumuuliza kama alikusudia kunifariji.

Jumatatu, 21 Januari
Nimeomba likizo ya siku kumi mwezi Machi. Bwana Nabil alinikaribisha chai, akaniuliza habari za mtoto. Ni mtu mwenye adabu. Mwaka jana nilipougua, alinitumia maji ya zamzam na tende.

Huku mtu haondoki nchini kwa tiketi peke yake. Lazima kafili wako, yaani aliyekuleta na ambaye jina lake liko kwenye kitambulisho chako, akutolee kibali cha kutoka. Bila karatasi hiyo, polisi wa uwanja wa ndege wanakurudisha na mabegi yako. Kafili wetu ni mwenye shule, mzee ambaye sijawahi kumwona. Makaratasi yote yako mikononi mwa Bwana Nabil. Pasipoti yangu pia iko kwenye sefu yake.

"Kibali utapata," akasema. "Lakini Aprili wakaguzi wanakuja kutoka Marekani. Wakituidhinisha, vyeti vya watoto wetu vitatambuliwa na vyuo vya kule. Siwezi kuwa bila mwalimu wa historia sasa. Baada ya ukaguzi, Miss Loice. Nakuahidi."

Jumapili, 3 Februari
Vumbi. Masomo kama kawaida.

Jumanne, 12 Februari
Leo tumesoma habari za watumishi wa mkataba: Waingereza maskini waliovushwa bahari kupelekwa Virginia, wakalipia safari yao kwa kutumika miaka minne, mitano, hata saba. Somo nilikuwa nimeliandaa vizuri. Nilikuwa hata na michoro.

Bilal akanyoosha mkono. "Miss, na akitaka kurudi kwao katikati?"

"Haruhusiwi."

"Karatasi yake ya mkataba anayo nani?"

"Bwana wake. Anaweza hata kumuuzia mwingine muda uliobaki."

Wakatazamana. Watoto hawa, baba zao ni wahasibu na mafundi na makarani. Nyumbani wanasikia yanayozungumzwa sebuleni.

Rimaz akauliza, "Walikuwa wakitoroka?" Huyu ni binti wa Kisudani, anaketi mbele, na maswali yake huja mwisho, wengine wakishachoka.

"Wengi sana. Baadaye magazeti yalijaa matangazo ya kuwatafuta."

"Hata hapa yamo, Miss," Bilal akasema. "Na picha."

Wengine wakacheka. Niliwageuzia mgongo nikaanza kufuta ubao. Nilifuta hata mahali pasipoandikwa kitu.

Jumatano, 27 Februari
Emily amekataa simu tena.

Jumatatu, 4 Machi
Nyumbani wanapiga kura. Mwaura, dereva wa basi la shule, amefungua redio ya simu tangu alfajiri, na sisi Wakenya watatu tukajibana mlangoni kwake wakati wa mapumziko. Mwaura anakaa Al Rayyan na wenzake wanane katika nyumba moja. Kila jambo kwake ni mzaha. Nilimwambia nimeomba kwenda nyumbani nikaambiwa ningoje ukaguzi.

"Mwalimu, hapa 'ngoja' ni mshahara wa pili," akasema. "Unaupata kila mwezi bila kukosa."

Alhamisi, 14 Machi
Upepo wa shamali, ule wa vumbi. Jengo la pili halionekani. Watoto hawakutoka nje siku nzima.

Rimaz alibaki baada ya kipindi. Anataka kuomba nafasi katika chuo kimoja cha Marekani. Baba yake ni mfasiri katika ofisi ya mawakili, na tangu Rimaz akiwa mdogo wameweka akili yote kwenye jambo hilo. "Miss, wewe ulipofika mara ya kwanza, uliogopa?"

Ningeweza kusema nina haraka. Ningeweza kusema tutazungumza kesho. Badala yake nilimwelezea nilivyoshuka kwenye ndege theluji ikianguka, na mwanamke mmoja asiyenijua akanipa glavu zake. Niliitunga yote papo hapo, hata rangi ya glavu. Rimaz akaandika katika daftari lake. Sijui aliandika nini.

Niliporudi nyumbani nilinawa uso mara mbili. Chebet alidhani ni vumbi.

Jumapili, 31 Machi
Pasaka, na nimefundisha vipindi sita.

Jumanne, 9 Aprili
Bwana Nabil ametukusanya kutuandaa kwa wakaguzi. Kila mwalimu akapewa faili lake alikague. Ndani ya langu kuna cheti. Karatasi nzito, muhuri wa dhahabu, jina langu kamili, Loice Nasimiyu Wekesa, na chuo cha Ohio.

Nilimfuata ofisini. Nikafunga mlango.

"Bwana Nabil, hii si picha ya baga tena."

Hakucheka safari hii. "Hutaulizwa. Wao wanahesabu mafaili tu."

"Na nikiulizwa?"

"Utajibu kilichoandikwa." Akaivuta droo, akatoa karatasi nyingine, akaiweka mezani ielekee kwangu. Ilikuwa fomu ya kibali changu cha kutoka, imejazwa yote, imebaki sahihi na muhuri. Tarehe ya kusafiri: 2 Mei. "Unaona? Mimi sijakusahau."

Cheti sikukikubali. Wala sikukikataa. Niliacha faili mezani pake na kutoka kama mtu aliyeitiwa kitu kingine.

Jumatano, 10 Aprili
Nilimwambia Chebet kila kitu. Alinisikiliza akiwa ameshika mwiko wa ugali, hadi ugali ukashika chini.

"Sema hiyo Ohio, upate karatasi, uende kwa mtoto," akasema. "Nani utamuumiza? Wewe unafundisha vizuri. Mimi nimeona wauguzi wenye vyeti vya kweli wasiojua kutafuta mshipa."

Nilimwona mwoga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyowaza.

Jumapili, 21 Aprili
Wamefika. Mama mmoja wa mvi na mwanamume mrefu mwenye daftari dogo.

Jumatatu, 22 Aprili
Walikaa nyuma ya darasa langu kipindi kizima. Tulikuwa tunasoma Katiba. Bilal mwenyewe alikaa kimya kama maji ya mtungini. Baadaye yule mama akaniita kwenye maktaba, wanakofanyia kazi. Swali la nne lilikuwa, "Shahada yako ya kwanza uliipata wapi?"

Nikasema Ohio.

Akaandika. Akageuza ukurasa. Lilichukua muda mfupi kuliko kunywa maji.

Niliporudi, Bwana Nabil alikuwa koridoni. Alinipa mkono, akaubana kidogo, na mkono wake ulikuwa umelowa jasho.

Jumanne, 23 Aprili
Rimaz ameniletea barua ya mapendekezo niitie sahihi. Aliiandika mwenyewe kama mfano, kwa kuwa alijua nina kazi nyingi. Kiingereza safi, hakuna kosa hata moja. Mstari wa pili unasema: "Mwalimu wangu, ambaye ni mhitimu wa chuo kikuu cha Ohio, ndiye aliyeniaminisha kwamba msichana wa kutoka mbali anaweza kufika." Chini kuna nafasi ya sahihi, na chini yake maneno madogo ya chuo: kwamba huenda wakawasiliana na anayetoa mapendekezo kuthibitisha maelezo yake.

"Leo kama unaweza, Miss. Baba ataituma kesho jioni."

Nikamwambia nitaisoma nyumbani. Nimeisoma. Tena. Wakithibitisha na kukuta uongo, si mimi watakayemfutia jina. Jina la juu kwenye barua ni lake.

Jumatano, 24 Aprili
Naandika saa kumi za alasiri.

Asubuhi kabla ya kengele nilienda maktaba. Walikuwa wanafungasha mafaili yao, leo ndiyo siku yao ya mwisho. Nikaomba dakika tano. Yule mama akanionyesha kiti. Sikuketi.

"Nililowaambia juzi si kweli," nikasema. "Sijasoma Ohio. Sijafika Marekani. Nimesoma Kenya, na cheti changu cha kweli ninacho nyumbani, naweza kuwaletea. Kile kilicho kwenye faili sikijui kilikotoka."

Yule mwanamume akaweka kalamu chini. Yule mama ndiye aliyeuliza.

"Nani mwingine anajua?"

"Mkurugenzi anajua. Wengine wamesoma ukutani, wakaamini."

"Kwa nini unatuambia leo? Juzi ulikuwa na nafasi."

Nikamwambia habari za barua ya Rimaz. Sikumwambia habari za kibali, wala za Emily. Nilihofu nikizitaja nitaonekana naomba huruma, na kwa kweli ningekuwa naiomba.

"Unajua tutaandika nini?"

"Najua."

"Unajua litakalokupata?"

"Si lote."

Akafungua tena faili alilokuwa amelifunga. "Nilikaa darasani kwako Jumatatu," akasema. "Ni somo zuri kuliko yote niliyoyaona wiki hii. Inasikitisha sana." Sikujua kama ananisifu au ananihukumu. Nadhani yote mawili.

Bwana Nabil alikuwa amesimama karibu na tangi la maji ya kunywa, nje.

"Umewaambia nini?"

"Ukweli."

Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Uso wake ulishuka tu, kama hema lililong'olewa nguzo. "Basi sasa utangoja," akasema. "Utangoja mpaka uyasahau hata majina ya watu wako."

Lililobaki lilikuwa darasa. Sikutaka walisikie kwa mtu mwingine. Niliingia, nikasimama mbele yao, nikasema kwa Kiingereza chepesi kuliko vyote nilivyowahi kuwafundisha: "Mimi si mhitimu wa Ohio. Niliwadanganya. Theluji sijawahi kuiona."

Bilal akacheka, akidhani ni mchezo wa kuigiza. Alipoona hakuna anayemfuata, akaacha. Min-jun, mvulana wa Kikorea ambaye huongea mara moja kwa mwezi, akauliza, "Na shule yetu, Miss? Itaidhinishwa?" Nikasema sidhani. Akainamisha kichwa akaanza kufunga zipu ya begi lake, na kufungua, na kufunga.

Rimaz alikuja mbele. Barua yake ilikuwa juu ya meza yangu. Aliichukua, akaikunja mara mbili, akatoka nje. Mwaka mzima Rimaz hajawahi kutoka darasani bila kuomba ruhusa.

Alhamisi, 25 Aprili
Nimefukuzwa. Mlinzi alinizuia getini, akanikabidhi mfuko wa plastiki wenye vitabu vyangu na kikombe. Picha imeondolewa ukutani. Mwaura alinifikisha nyumbani kwa basi tupu, na mara hii hakufanya mzaha. Mwishoni tu akasema, "Mwalimu, umejichoma vibaya. Lakini ungenyamaza, mimi ningekuwa nabeba hao watoto kila siku nikijua."

"Ulijua?"

"Madam, Mbukusu wa Kimilili, mtu wa Ohio? Nilijua kitambo."

Jumatano, 1 Mei
Nimepiga simu ofisini kuuliza pasipoti na kibali. Karani akasema, "Bukra." Kesho.

Alhamisi, 2 Mei
Leo ndiyo ningesafiri. Bukra.

Jumanne, 7 Mei
Bukra. Joto limefika nyuzi arobaini na moja. Kazi nyingine siwezi kutafuta, kwa sababu kafili hajaniachilia. Nyumbani siwezi kwenda, kwa sababu hajanipa ruhusa. Sina kosa lolote mahakamani, na mlango huu ninaoutazama hauna kufuli. Natoka, nazunguka mtaa, nanunua nyanya, narudi. Ningalijua huja mwishoni, wahenga walisema. Mimi nilijua mapema, nikacheka.

Jumapili, 12 Mei
Bukra.

Jumatatu, 20 Mei
Nilimsema Chebet vibaya katika daftari hili na lazima niandike hili pia. Kila siku yake ya mapumziko amenisindikiza ofisi ya kazi. Anaamka saa kumi na moja alfajiri baada ya zamu ndefu, tunapanga foleni nje na wafanyakazi wa ujenzi na akina dada wa majumbani, na yeye ndiye anayejua dirisha lipi huandikisha na lipi hufukuza. Leo karani alisema malalamiko yangu hayasomeki. Niliyaandika kwa Kiingereza, na yanatakiwa Kiarabu cha kisheria, yenye kutaja vifungu.

Tulipokaa kivulini nikamwambia, "Wewe ulinishauri nidanganye."

"Nilitaka uende kwa Emily," akasema. "Mimi wangu alisahau kweli. Ana miaka kumi na nne, ananiita Auntie."

Miaka miwili tumelala chumba kimoja. Sikujua ana mtoto.

Jumanne, 28 Mei
Saa nane mchana simu ililia, namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamume, Kiingereza cha taratibu: "Mimi ni Idris, baba yake Rimaz. Niko chini ya nyumba yako."

Nilishuka nikijua nakwenda kutukanwa, na nikawa tayari. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya mgahawa wa chai, na Rimaz alikuwa ndani, ametazama upande wa pili. Hakugeuka.

Tulikaa. Bwana Idris akaagiza chai mbili, yake hakuigusa.

"Shule imenyimwa idhini," akasema. "Cheti cha binti yangu hakitakuwa na thamani. Mwakani atarudia mwaka katika shule ya Kisudani. Miaka miwili ya maisha yake nilikukabidhi wewe."

"Najua, Bwana Idris. Naomba msamaha."

"Sijaja kwa ajili ya msamaha." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Dereva wa basi ameniambia wamekuzuia. Ameniambia una mtoto."

"Emily," nikasema. "Miaka kumi."

"Ungeisaini ile barua," akasema, "binti yangu angekwenda kule na uongo shingoni, na wangemrudisha. Ulimharibia, kisha ukamwokoa na baya zaidi. Siwezi kuyajumlisha hayo mawili nikapata jibu. Nimejaribu." Akatoa kalamu na karatasi yenye mistari. "Niambie tarehe zote. Nitakuandikia hayo malalamiko kwa Kiarabu. Usidhani nimekusamehe. Hii ndiyo kazi yangu, na wewe unaihitaji."

Aliandika saa nzima, kulia kwenda kushoto, bila kufuta neno. Mara mbili nilinyanyua macho kuangalia gari. Mara ya pili Rimaz alikuwa ananitazama. Akageuza uso.

Jumatano, 29 Mei
Malalamiko yamepokelewa. Yamepigwa muhuri. Chebet amenunua nusu kilo ya nyama.

Jumanne, 11 Juni
Shule iliitwa ofisi ya kazi kujibu. Bwana Nabil alikuja mwenyewe pamoja na mandubu, yule mtu wa kushughulikia makaratasi ya shule serikalini. Afisa alisoma ile barua ya Bwana Idris mara mbili, akauliza kwa nini mfanyakazi aliyefukuzwa bado amezuiwa. Mandubu akasema kibali kinatayarishwa. Afisa akasema kitayarishwe ndani ya wiki mbili, na pasipoti itolewe leo.

Nilikuwa nimemchora Bwana Nabil kichwani mwangu kama askari jela. Aliyekuwa pale ni mtu aliyekonda, ukosi wa shati ulimpwaya. Tulipokuwa tunangoja muhuri kwenye benchi, yeye upande huu na mimi ule, akasema bila kunitazama, "Mwenye shule anasema nimemwaibisha. Kuna wanaotaka kunishtaki kwa kile cheti. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye sefu hiyo hiyo, Miss Loice. Sasa anayo yeye."

"Kwa nini ulifanya vile?"

"Niliambiwa nipate idhini au niondoke. Nina watoto watatu wanaosoma pale pale." Akanyoosha ukosi. "Wewe una afisa wa kumwandikia. Mimi nitamwandikia nani, na kosa ni langu?"

Sikumhurumia kama ambavyo ningependa kuandika. Lakini hasira niliyokuja nayo sikuondoka nayo yote.

Jumatano, 19 Juni
Bukra.

Jumatano, 26 Juni
Mandubu ameleta kibali. Kinafaa kwa siku saba. Na sharti lake: naondoka bila barua ya kuachiliwa, kwa hivyo siruhusiwi kurudi kufanya kazi nchi hii kwa miaka miwili. Alinisomea kwa sauti kubwa akitarajia nisikitike. Nikamwomba arudie, nihakikishe ni kweli.

Ijumaa, 28 Juni
Rimaz amekuja. Peke yake, baba yake akingoja ng'ambo ya barabara. Hakutaka kuingia ndani. Tulisimama kwenye ngazi, jasho likitutiririka sote wawili.

"Nina swali moja, Miss. Yale uliyotufundisha. Tarehe, Katiba, vita, watumishi wa mkataba. Yalikuwa kweli?"

"Yote. Kila moja."

"Najua. Nimeyakagua. Nilichukua vitabu maktaba nikayakagua yote, tangu ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Nilikuwa natafuta kosa." Akashika chuma cha ngazi. "Sikulipata. Ndiyo maana nilikasirika zaidi. Hukuhitaji Ohio."

Nikamwambia hilo ni kweli, na kwamba aliyepaswa kulijua kwanza ni mimi. Nikamwambia pia kwamba hadithi ya glavu niliitunga.

"Ule ukurasa niliuchana," akasema. Kisha akaniambia kwaheri kwa heshima zote, kama alivyofunzwa kwao, akashuka ngazi. Hakuniomba anwani. Sikumpa.

Jumatatu, 1 Julai
Mwaura amenileta uwanja wa ndege kwa gari aliloazima. Chebet alikuwa zamu. Tuliagana alfajiri, akanifunga kitambaa shingoni. Mwaura alitaka kutania akashindwa. "Salimia barabara ya vumbi, mwalimu," akasema, akaondoka haraka.

Polisi wa dirishani alikitazama kibali, akaitazama pasipoti, akanitazama mimi. Akauliza, "Mwalimu?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Wa nini?" Nikasema, "Kiingereza na historia." Akapiga muhuri.

Jumatano, 3 Julai. Kimilili
Walimu wamegoma nchi nzima, watoto wako nyumbani. Nilifika saa tano asubuhi, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Nafula alinipokea kwa vigelegele hadi majirani wakatoka.

Emily alikuwa jikoni anachambua maharagwe. Amerefuka, anafika begani kwangu, na ana namna ya kukaza shingo ambayo sikumwachia mimi. Alisimama, akapangusa mikono kwenye sketi, akaja akanipa mkono. Mkono, kama anavyopewa mgeni wa kanisa.

"Habari ya safari?" akauliza.

"Nzuri, mama."

Akanivutia kiti. Akaniletea chai. Akakaa mbali kidogo na kuendelea na maharagwe yake, akitupa mabovu kwa kuku. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ndani ya ndege, na yote nikayaona hayafai.

"Unarudi lini?" akauliza, macho kwenye ungo.

"Sirudi."

Alimaliza maharagwe, akayaosha, akayateleka, akachochea moto. Akatoka nje kuwafunga mbuzi. Nilimsikia akizungumza nao huko, taratibu, maneno nisiyoyashika.

Kisha akarudi mlangoni, kamba mkononi, akanitazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Ati umesema hurudi?"